Viatu Vinavyoelekea Mlangoni

Mpango wa kubadilishana wanafunzi uliniahidi familia ya kunipokea Marekani, na familia ulinipa. Ila nilipobisha hodi kwenye ile nyumba ya Clintonville, Columbus, mwezi wa nane, begi moja mkononi na jingine mgongoni, waliofungua mlango walikuwa Wajapani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa Wamarekani. Nilikuwa nimetazama video za jinsi ya kuwachekea watu usiowajua na jinsi ya kusema uko salama hata kama si kweli. Hakuna video iliyonifundisha la kufanya mtu mzima mwenye mvi anapokuinamia mlangoni kwake kama kwamba wewe ndiye chifu. Niliinama na mimi, maana nimelelewa kutomwacha mkubwa ainame peke yake. Akainama zaidi. Nikainama zaidi. Mkewe akajiunga. Tungekuwa pale mpaka leo kama binti yao wa miaka tisa asingesema, kwa Kiingereza cha Ohio kisicho na haya, kwamba ana njaa.

Baba alikuwa ametumwa na kampuni ya vipuri vya magari, akawa anafanya kazi ofisini kwenye kiwanda kilichoko nje ya mji. Mama alikaa nyumbani. Niliwaita Baba na Mama kama ninavyowaita wazazi wa rafiki yangu yeyote kule Nakuru, na wao wakaniita kwa jina langu wakilipachika mkia wa heshima mwishoni, kama wafanyavyo Wajapani. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha ofisini, kila neno limepigwa pasi. Cha Mama kilikuwa kidogo, na binti alipokuwa karibu alitutafsiria, mara nyingi akiwajibu wazazi wake kwa Kiingereza hata wao walipomsemesha Kijapani.

Nitasema mapema nilichokitaka katika nyumba ile, ili nisije nikaonekana kigeugeu: nilitaka kutoka. Si kwamba walinitendea vibaya. Wangenitendea vibaya ningejua la kufanya, nina mdomo. Walinitendea vizuri, kwa wema usio na mlango wala dirisha, nikakosa pa kutokea.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa mjini huisema wakicheka, lakini mama yangu hacheki nayo. Mama yangu hawezi kumwona mtu amekaa bure. Ukilala kwake siku mbili, ya tatu utajikuta unachambua maharagwe na hujui ulianzaje. Jembe si adhabu. Ukipewa jembe umeambiwa kwamba sasa wewe ni wetu, ukikosea utafokewa kama sisi na ukipatia hakuna atakayekushukuru. Kwa hiyo siku ya tatu Clintonville sikungoja kupewa, nililishika mwenyewe. Baada ya chakula cha jioni nikakunja mikono ya sweta na kuosha vyombo vyote, nikapangusa na meza.

Mama alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani. Akanishukuru. Akanishukuru tena. Kesho yake, kabla sijameza tonge la mwisho, vyombo vilikuwa vimeshaoshwa, hata sijui aliosha saa ngapi. Nikasema basi, nitafagia. Siku iliyofuata nikakuta ameshafagia, amepiga deki, na anafuta vumbi juu ya friji mahali ambapo hata inzi hafiki. Nikaelewa kwamba yule mama alidhani namwambia nyumba yake ni chafu. Kila jembe nililoshika nilinyang'anywa kwa adabu, na kila nilipojaribu kusaidia, mwanamke wa watu alizidi kuchoka. Ikabidi nikae. Nilikaa kwenye kiti changu cha mgeni, ndara zangu za mgeni miguuni, zile za bluu zilizotariziwa ua, nikiangalia watu wenye nyumba wakinizunguka na sahani.

Kuoga ndiko kulikonishinda kabisa. Kwao mtu huoga kwanza pembeni kwa sabuni mpaka atakate, kisha huingia kwenye beseni kubwa la maji ya moto kukaa tu, mwili ulegee. Maji ni yaleyale kwa nyumba nzima, yakifunikwa yasipoe, na mgeni ndiye wa kwanza. Hayo yote mimi sikuyajua. Jioni ya kwanza Mama alikuja akaniambia maji tayari, nikamshukuru, nikaendelea kukaa. Ningeogaje kabla ya mwenye nyumba, mtu aliyetoka kiwandani, shingo imekakamaa? Nikangoja Baba aoge. Baba naye yuko pale na gazeti lake, hageuzi ukurasa. Binti amesinzia juu ya daftari. Mama anapita, anainua kifuniko cha beseni, anaongeza maji ya moto, anakirudisha. Mimi nawaheshimu, wao wananiheshimu, na hakuna anayeoga. Mwishowe binti akafumbua jicho moja akasema, "Hakuna atakayeoga mpaka wewe uoge. Na mimi hakuna atakayeniruhusu kulala mpaka nioge."

Tangu hapo nikawa wa kwanza kila jioni. Nilitumbukia mwenyewe kwenye maji safi yasiyoguswa na mtu, nikijua nje kuna watu watatu wanaosikiliza kama nimemaliza. Sikuwahi kulegea mwili hata kidogo. Niliingia, nikahesabu vigae vya ukutani, nikatoka.

Na hawakuwa wakila mpaka nirudi. Hilo niligundua siku nilipochelewa kutoka chuoni. Wakenya wenzangu walikuwa wamepika chapati kwenye chumba cha mmoja wao, nikakaa, nikacheka nilivyokuwa sijacheka tangu nishuke kwenye ndege. Nilipopanda basi la barabara ya High giza lilikuwa limeshaingia. Nyumbani nikawakuta mezani, mikono mapajani, supu imeganda juu. Hakuna aliyenilaumu. Mama aliinuka, akairudisha supu jikoni akaipasha moto. Wangenifokea! Mama yangu angenifokea mpaka majirani wafunge madirisha, kisha tungekula yakaisha. Hapa niliinamiwa, nikapakuliwa, nikala tena juu ya chapati. Sikuchelewa tena. Wenzangu wakaacha kunialika, maana jibu langu lilikuwa lilelile, kwamba kuna watu wananingoja.

Asubuhi Mama alinisindikiza mpaka nje, akasimama barazani akipunga mkono mpaka nikunje kona. Niligeuka mara moja nikamwona. Siku nyingine nikageuka tena, bado yupo. Mvua ikinyesha, yupo na mwavuli. Nikaanza kutembea kama mtu anayefuatwa na tochi.

Ningevumilia kama yangekuwa hayo tu. Mtu anaweza kuzoea kutunzwa kama yai. Lakini kulikuwa na viatu.

Viatu tulivua mlangoni, jambo ambalo halikunisumbua, hata kwetu mama hataki matope sebuleni. Nilivua jioni, pua za viatu zikiangalia ndani kama nilivyoingia. Asubuhi nikavikuta vimegeuzwa. Vimepangwa pamoja, kisigino na kisigino, pua zikiangalia mlango. Siku ya kwanza nikadhani vimesogezwa wakati wa kufagia. Siku ya pili hivyohivyo. Wiki ya pili, ya tatu, kila asubuhi viatu vyangu vilikuwa vimeshageuka na kuelekea nje, vikinisubiri niondoke. Vya binti vilikuwa vimetupwa popote, kimoja huku kingine kule, mpaka Mama apaaze sauti kutoka jikoni: "Kutsu!" Kutsu ni viatu. Ndipo binti anakuja akinung'unika, anavipanga mwenyewe. Vyake havikugeuzwa na mtu. Ni vyangu tu.

Kwetu, ukichoka na mgeni humwambii. Unamletea viatu vyake. Unamshikia begi. Unasema, naona mawingu, na magari ya jioni ni shida. Mgeni mwenye akili anaelewa, anaomba njia, na mnaagana bila mtu kuumia. Nami nilijihesabu mwenye akili. Kila asubuhi nilivaa vile viatu nikijua nimeambiwa, na kila jioni nilirudi kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Niliwekwa nisitoke na niliambiwa nitoke, na watu walewale.

Nilikuwa na kaka Louisville. Aliondoka Kenya nikiwa bado shule ya msingi, na ingawa kutoka Columbus hadi kwake ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari, nilikuwa sijamwona kwa macho, maana kila Jumamosi familia yangu ilikuwa imenitayarishia kitu: shamba la maboga, jumba la makumbusho, maonyesho ya shule ya Kijapani ya binti. Kaka alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, zamu ya usiku, na alinipigia mchana alipoamka. Siku hiyo nilikuwa nimejifungia chumbani.

"Sasa wewe, mbona sauti iko down hivyo?"

"Niko tu."

"Niko tu ni nini? Wanakunyima chakula?"

"Wananilisha sana. Shida ni naishi kama mgeni. Tangu August sijaoshwa hata kijiko na mikono yangu. Yaani, sijaosha kijiko."

Akacheka mpaka akakohoa. "Si uko kwa hoteli ya bure! Mimi huku nabeba maboxes usiku mzima, mgongo imekwisha, na wewe unalia juu hauoshi vyombo?"

Nikamweleza ya viatu. Hapo hakucheka.

"Zinageuzwa na nani?"

"Na Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Ai. Hapo sasa wameshaongea. Hao watu wako polite, hawawezi kukuambia kwa mdomo. Skiza. December nashift Buffalo. Bibi yangu ameshatangulia kwa mamake. Nimepata job Tonawanda, hapo karibu, plant, day shift, hii maneno ya usiku imeisha. Na nikitoka Louisville na truck lazima nipite hapo kwenu. Ongea na watu wa program yako. Nakubeba."

Niliongea nao. Mama mratibu, Mmarekani mwenye haraka, akasema chuo kimoja cha Buffalo wanachoshirikiana nacho kina nafasi muhula wa pili, na ningeweza kukaa na ndugu yangu. Akaniuliza kama kuna tatizo na familia. Nikasema hakuna, ni watu wema sana, nataka tu kuwa karibu na kaka. Akasema sawa, basi chumba changu atapewa msichana kutoka Brazili anayekuja Januari. Nilitoka ofisini kwake nikipumua kama mtu aliyetua gunia.

Sasa kazi ikawa kuwaaga. Nilipanga maneno yangu vizuri, nikayapanga kwa utaratibu wa nyumbani, kwamba ninaomba ruhusa, nao watasema hapana, kaa kidogo, nami nitasisitiza, nao watakubali kwa shingo upande. Sikupata nafasi. Mratibu aliwapigia simu kabla sijafika nyumbani.

Jioni ile tulikula wali uliopikwa na maharagwe madogo mekundu, umekuwa wa rangi ya waridi. Binti akaniambia wali huo hupikwa siku za furaha: mtoto akizaliwa, mtu akifaulu mtihani. Baba akainua kikombe cha chai akanipongeza kwa shule yangu mpya. Mama akaniinamia na kuniongezea bakuli. Mimi nikatafuna. Wamefurahi kiasi hiki, nikasema moyoni, mpaka wamenipikia wali wa sherehe. Iliniuma, sitaficha. Nilitaka kutoka, ndiyo, lakini nilitaka mtu mmoja katika nyumba ile aseme usiende, hata kama ni kwa adabu tu. Hakuna aliyesema. Kesho yake asubuhi viatu vyangu vilikuwa palepale, vinaangalia mlango.

Kaka alifika Jumamosi mchana na lori la kukodi, limejaa mpaka kochi limefungwa kwa kamba nyuma. Nilimwona kutoka dirishani. Sikumbuki kuvaa viatu vizuri, nilikanyaga visigino nikatoka mbio, nikamrukia pale kwenye theluji. Alikuwa amenenepa. Alinukia petroli na mafuta ya kujipaka yaleyale ya nyumbani, na nililia juu ya koti lake bila kujali majirani.

"Umekuwa mama mzima!" alikuwa anasema. "Nilikuacha na pengo hapa mbele!"

Tuliingia ndani tukiwa tumeshikana, nikavirusha viatu vyangu mlangoni bila kuangalia vilipoangukia. Baba alikuwa ameshika simu, anasoma habari za barabara. Huko mbele theluji ya ziwani ilikuwa imefunga njia kati ya Erie na Buffalo, magari yamesimamishwa. Akamwambia kaka alale. Kaka, Mkenya kamili, akasema hapana, asiwasumbue, atalala kwenye lori. Baba akainama akasema tafadhali. Kaka akasema hapana. Nilimkanyaga mguu. Akakubali.

Ndipo nikaona kitu. Mama alitoka na zile ndara za bluu zenye ua, ndara zangu, akaziweka chini mbele ya miguu ya kaka. Mimi nikabaki nimesimama na soksi. Nikangoja. Mama akanitazama, akaonyesha kwa kidevu rafu ya pembeni, mahali zilipokaa ndara za kahawia zilizolika kisigino, zinazovaliwa na watu wa nyumba. Kisha akageuka kwenda jikoni, na bila kuangalia nyuma akaniita. Aliita jina langu tupu, bila mkia.

Jikoni alinipa kisu na kabichi. Akanionyesha: nyembamba. Basi hapo nilipata pangu. Mimi ni mtoto wa sukuma wiki. Mama yangu alikuwa akiokota kipande kinene kutoka kwenye sufuria na kukiinua juu mbele ya wageni akiuliza ni nani aliyepasua kuni. Nilikata ile kabichi mpaka ikawa kama nyuzi. Mama akaja, akashika kidogo kwa vidole, akainua kwenye mwanga. "Aaa," akasema, kwa sauti ndefu, akaniangalia kana kwamba nilikuwa nimemficha jambo muda wote huo. Akanisogezea kabichi ya pili. Na nilipokosea, nilipoiweka kwenye bakuli lisilo lake, akanipiga kofi dogo mkononi. Nilitaka kumkumbatia.

Kaka alikalishwa kwenye kiti changu. Alioga wa kwanza. Hakungoja mtu, alikuwa amechoka, akaingia, tukamsikia anaimba mapambio ya kanisani mle ndani. Alitoka uso unang'aa, mvuke unamfuata. "Wee! Hawa watu wanaishi!" aliniambia. "Na ulikuwa unataka kutoroka hapa?" Kisha Baba akaenda. Kisha binti. Kisha mimi. Maji yalikuwa yamepita watu watatu, yamepungua moto, yamekuwa laini. Nikakaa humo. Kwa mara ya kwanza nje hakukuwa na mtu anayengoja heshima yangu, ila Mama tu, aliyengoja zamu yake kama ambavyo angemngojea binti. Mwili ukalegea wenyewe, magoti, mabega, taya, na machozi yakatoka bila mimi kuyaita. Nilikaa sana. Mlango ukagongwa kwa kifundo cha kidole.

"Toka!" Mama alisema. "Maji yanapoa!"

Asubuhi barabara ilikuwa imefunguliwa. Kaka alitangulia barazani na mizigo kisha akarudi kunywa chai, na nilipofika mlangoni na begi langu nikaviona viatu vya kaka, zile buti kubwa za ghalani. Vilikuwa vimefutwa matope. Vimepangwa kisigino na kisigino, pua zinaangalia mlango. Vyangu vilikuwa palepale nilipovirusha jana, kimoja kimelala ubavu karibu na ukuta, kingine kimepinduka.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na koti lake. Nikamuuliza. Sikujua nitauliza, maneno yalinitoka. "Kwa nini viatu vya kaka yangu vimegeuzwa?"

Alishangazwa na swali. Akaeleza polepole, kwa kile Kiingereza chake cha pasi, kwamba mgeni akitaka kuondoka asipate taabu. Avae tu, aende salama. Mwenye nyumba humfanyia hivyo kila mgeni anayemheshimu. Mama yake alimfundisha akiwa mdogo.

"Na vyangu?"

Baba akaviangalia viatu vyangu, akaona aibu kidogo kwa niaba yangu. Kabla hajajibu, sauti ya Mama ikapasuka kutoka jikoni, sauti ileile anayomtolea binti kila asubuhi, kali, bila kuinama, na jina langu tupu mbele yake.

"Kutsu!"

Nilisimama pale. Miezi yote ile nilikuwa nimengoja jembe, na nilikuwa nimepewa jana jioni pamoja na kisu cha kabichi, na sasa nilikuwa nafokewa. Ningeweza kusema nabaki. Nilifungua mdomo niseme. Lakini chumba changu kilikuwa kimeshapata mwenyewe, yule msichana wa Brazili, na Buffalo walikuwa wameshaniandika, na jikoni kaka alikuwa anamaliza chai, funguo za lori mkononi. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nimejifukuza mwenyewe, na nilikuwa nimefanya kazi nzuri, nimeziba kila mahali. Nikainama. Nikavitoa viatu vyangu ukutani, nikaviweka pamoja, kisigino na kisigino, nikavigeuza kuelekea mlangoni. Kisha nikavivaa.

Walisimama nje wote watatu, binti na nguo za kulalia na buti, wakipunga mkono. Lori lilikuwa zito, likaenda polepole. Kaka akaangalia kwenye kioo cha pembeni.

"Mbona hawaingii ndani na hii baridi? Wanataka kuhakikisha tumeenda?"

"Wanatusindikiza," nilimwambia.

Buffalo tulikaa kwa mama mkwe wa kaka, mama kutoka Bukavu aliyefika na wanawe baada ya miaka mingi ya kambi ya wakimbizi, mwenye sauti ya kujaza nyumba na mikono isiyotulia. Kaka na mkewe walikuwa bado wanatafuta nyumba yao karibu na Tonawanda. Siku ya tatu nilikunja mikono ya sweta nikaelekea kwenye sinki. Alinikamata kiwiko.

"Hapana, mama! Ikala, ikala. Weye ni mugeni. Mugeni haoshake masahani kwa nyumba yangu, donc ikala, utazame televisheni."

Nikaketishwa kwenye kochi, nikapewa fanta. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Kila niliposhika sufuria ilichukuliwa na mtu, mke wa kaka, mdogo wake, hata jirani. Nilikaa nikiangalia theluji ya Buffalo ikipanda dirishani.

Jumapili moja baada ya ibada watu wa kikundi cha maombi walikuja nyumbani. Waliingia kwa kishindo wakikung'uta theluji, wakavua viatu mlangoni mpaka vikawa lundo: buti, raba, viatu vya kisigino vya akina mama, vya watoto vyenye taa. Walianza kuimba sebuleni. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido sina kazi. Nikapiga magoti. Nikatafuta kila kiatu mwenzake, nikavifuta theluji kwa kitambaa, nikavipanga kisigino na kisigino kwenye mistari kufuata ukuta, vyangu vikiwemo, pua zote zikiangalia mlango. Ilichukua wimbo mzima na nusu ya mwingine. Nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu nifike.

Mama mkwe alitoka kuleta viti. Akasimama. Akaangalia viatu, akaniangalia mimi nilivyo chini na kitambaa.

"Bon. Ni nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, Mama."

"Ee Mungu wangu." Akashika kiuno. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Batu bamekuja kusali, mama. Hata chai habayakunywa. Na weye uko unabafukuza?"

Kuimba kulikuwa kumekoma. Kaka alitokeza kichwa mlangoni, na nyuma yake wengine.

"Siwafukuzi, Mama. Ni heshima."

"Heshima ya wapi hiyo?"

Kaka alinitazama. Yeye ametoka Nakuru kama mimi, nyumba moja, mama mmoja, na alijua hakuna heshima kama hiyo kule.

"Ya kwetu," nikasema, na nikaanza kuvirudisha vilivyokuwa, kimoja kimoja, isipokuwa vyangu, ambavyo niliviacha vikiangalia mlango.